Paa Linalokinga Mvua

Msikilizaji, kusini mwa mji wa Unguja kipo kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na mabanda 7 ya wageni. Maji baridi ya ardhini hakina. Ndiyo maana paa la kila banda limejengwa makusudi likinge mvua ya masika. Maji huchujwa, yakahifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu. Ya kuogea hupashwa moto na jua. Yakishatumika hupita kwenye changarawe na mimea inayonyonya uchafu, yasifike kwenye matumbawe. Choo hakimwagiwi maji: kinyesi hugeuka mboji. Na miamba hiyo ya matumbawe, iliyohifadhiwa kisheria tangu 1994, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani.

Hoteli kubwa za ufukweni, zinazovuta maji ya visima huku jirani zao wakihangaika na ndoo, zinashindwa nini? Wanaotoa vibali vya ujenzi, tunawaomba: kabla ya muhuri, muulizeni mwekezaji mvua ataikingia wapi, na maji machafu atayapeleka wapi.