Nguruwe Mtamu-Mchachu: Pishi la Nyumbani Lenye Afya

Katika lugha ya serikali, kila anunuaye bidhaa kwa matumizi yake huitwa mlaji, hata akiwa amenunua viatu. Leo neno hilo linarudi katika maana yake ya asili. Tunazungumzia chakula ambacho wengi wetu tumekionja katika migahawa ya Kichina mijini: vipande vya nyama ya nguruwe vilivyoungwa kwa mchuzi mtamu wenye uchachu. Nia yetu ni kueleza jinsi ya kukipika nyumbani ili ladha ibaki, huku sukari, chumvi na mafuta vikipungua.

Pishi hili asili yake ni jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Kwa desturi ya mgahawa, nyama yenye shahamu hugaragazwa katika wanga, huzamishwa katika mafuta yanayochemka, kisha huchanganywa na mchuzi wa siki, sukari na mara nyingi sosi ya nyanya. Gamba la wanga hunyonya mafuta, na uchachu wa siki huficha wingi wa sukari. Mlaji wa mgahawani hana njia ya kujua ni vijiko vingapi vimetiwa. Apikaye nyumbani hushika kijiko mwenyewe, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Tuanze na ununuzi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hakuna mahali usemi huu unapodhihirika kuliko kwenye nyama ya nguruwe. Nunua katika bucha inayouza nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri wa mkaguzi. Ukiona ndani ya nyama vilengelenge vyeupe vinavyofanana na punje za mchele, usinunue, hata bei ikiwa ya kuvutia, na toa taarifa kwa mkaguzi au ofisi ya afya iliyo karibu. Hivyo ni viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Anayevila katika nyama isiyoiva hupata mnyoo huyo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, na yanaweza kumfikia yeye mwenyewe au mwingine kupitia mikono michafu au mboga zisizooshwa. Yakishaingia mwilini huweza kujenga vifuko katika ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, osha mboga kwa maji safi, na pika nyama mpaka iive kabisa, hata kama macho hayakuona dosari.

Unaponunua sosi za chupa, soma lebo. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sosi ambayo sukari, glukosi au sirapu imetajwa mwanzoni kabisa ni sukari iliyotiwa rangi na uchachu. Pale palipoandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina takriban miligramu 900 za sodiamu, yaani zaidi ya gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi. Ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Asali nayo imo katika hesabu hiyo, hivyo kuiweka badala ya sukari si njia ya kukwepa.

Sasa twende jikoni. Kwa watu 4, chukua gramu 400 za sarara au paja, ondoa shahamu inayoonekana, ukate vipande vyembamba. Vichanganye na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, nusu kijiko cha chakula cha sosi ya soya, na kijiko kimoja cha chai cha wanga mweupe wa mahindi; si unga wa ugali. Katika bakuli jingine koroga siki vijiko 3 vya chakula, sosi ya nyanya vijiko 2, sukari kijiko 1, nusu kijiko cha sosi ya soya, robo kikombe cha maji na kijiko kimoja cha chai cha wanga. Usiongeze chumvi.

Pasha karai moto mkali, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, na kaanga nyama kwa mafungu mawili. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ipakue. Tia kijiko cha pili cha mafuta, kaanga kitunguu, karoti na pilipili hoho mbili kwa dakika 2 au 3, zibaki na ugumu wake. Rudisha nyama, koroga tena mchuzi kwa kuwa wanga hutuama, umimine. Acha uchemke mpaka uwe mzito na kung'aa. Mwisho tia vipande vya nanasi bivu. Utamu wake ndio unaoruhusu sukari kupungua. Pasua kipande kinene kuliko vyote: kiini kisiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto ahakikishe kiini kimefikia nyuzi 70 za Selsiasi.

Kwa vipimo hivi, kila mlaji hupata takriban gramu 5 za sukari ya kuongezwa na chumvi isiyofika gramu 1. Ukionja ukaona ladha imepooza, ongeza tone la siki au tangawizi kabla ya kukimbilia sukari. Pakua kwa wali wa kiasi, mboga zikiwa nyingi kuliko nyama.

Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia nanasi. Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa 2; kiwekwe kwenye jokofu, na kabla ya kuliwa kipashwe mpaka kitoe mvuke. Kwa walaji ambao imani yao hairuhusu nguruwe, minofu ya kuku hupikwa kwa vipimo hivi hivi.

Ndugu walaji, una haki ya kuuliza muhuri, kusoma lebo na kukataa bidhaa isiyoridhisha bila kuona haya. Sisi tunakagua kadiri ya uwezo wetu, lakini mkaguzi wa mwisho ni yule anayesimama mbele ya karai.