Gitaa la Zamani Halichoshi Masikio

Natumaini kila mmoja amekaa mahali anapoweza kusikia vizuri, na mwalimu wa kikundi amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo. Maneno yenyewe ni haya: santuri, nyuzi, nota. Yasomeni pamoja.

Santuri ni ile sahani nyeusi iliyonaswa sauti. Nyuzi ni zile za gitaa, ambazo kwa kawaida ni sita. Nota ni alama zinazoandikwa karatasini, ili mpigaji ajue apige sauti gani na aishikilie kwa muda gani.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la jioni. Mzee mmoja, ambaye siku hiyo aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, aliniuliza hivi: “Bwana Elimu, kila siku mnatuambia tusome. Mbona nasikia wako mafundi wakubwa wa gitaa ambao hawakusoma, na mpaka leo dunia inawasikiliza?” Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali la mzee ni la haki. Leo nitalijibu kwa habari za watu watatu waliopiga gitaa katika muziki wa jazz.

Kwanza tuelewane juu ya neno hilo. Hapa kwetu bendi nyingi za dansi zilijiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz. Lakini muziki wao ulifuata zaidi rumba. Jazz yenyewe ilizaliwa Marekani, kwa watu weusi, hasa katika mji wa New Orleans. Kawaida yake ni hii. Wapigaji huanza na wimbo wanaoujua wote. Kisha kila mmoja, kwa zamu yake, huutungia sauti mpya papo hapo. Ni kama malumbano ya washairi: kila mtu hujibu kwa beti zake mwenyewe, lakini havunji vina.

Basi mwaona kwa nini santuri ya jazz ni kitu cha thamani. Aliyoyapiga mtu usiku ule hatayarudia sawasawa kesho. Yasiponaswa, yamepotea kama moshi.

Mtu wetu wa kwanza ni Django Reinhardt. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1910, katika jamaa ya Waroma, watu wa kuhamahama wa Ulaya. Nyumba yao ilikuwa gari la kukokotwa. Usiku mmoja wa mwaka 1928 gari lake lilishika moto. Ndani mlikuwa na maua ya bandia aliyoyatengeneza mkewe, nayo yaliwaka upesi sana. Django alitoka hai, lakini mkono wake wa kushoto uliungua. Kidole cha pete na cha mwisho vilikunjamana, visiweze tena kufanya kazi kama zamani.

Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi za gitaa. Fikirini mkulima aliyebakiwa na nusu ya jembe. Django hakutupa gitaa. Alijifunza upya, akitembeza vidole viwili vizima juu na chini ya nyuzi kwa mbio za ajabu. Mwaka 1934, huko Paris, yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli waliunda bendi ya watu watano isiyokuwa na ngoma wala tarumbeta. Alikufa mwaka 1953, mwenye umri wa miaka 43, wakati akiishi katika kijiji cha Samois-sur-Seine, Ufaransa. Mwaka 1968 ilianzishwa hapo sherehe ya muziki ya kumkumbuka, na wapenzi wake wametoka nchi nyingi kuihudhuria.

Wa pili ni Charlie Christian, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1916 na kukulia Oklahoma City. Baba yake alikuwa kipofu, naye alipiga muziki barabarani pamoja na wanawe ili wapate riziki. Siku zile, gitaa katika bendi kubwa lilikuwa likikung'utwa tu kushika mwendo, maana tarumbeta ziliimeza sauti yake. Charlie alichukua gitaa la umeme, ambalo sauti yake hupita katika kipaza sauti. Sasa gitaa likaweza kusimama mbele na kusema kama tarumbeta.

Mwaka 1939 aliingia katika bendi ya Benny Goodman, mpiga klarineti mwenye sifa kubwa. Usiku, kazi ikiisha, alikwenda kupiga katika kilabu moja ya Harlem, New York, iliyoitwa Minton's. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Jerry Newman, alikuwa akienda huko na mashine yake ya kunasa sauti. Mwezi Mei, 1941, alinasa upigaji wa Charlie. Mwezi Machi, 1942, Charlie alikufa kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 25 tu. Wapenzi wa gitaa wangali wanazisikiliza sauti zile za Minton's, kwa sababu kijana mmoja alijisumbua kubeba mashine.

Wa tatu ni Wes Montgomery, wa mji wa Indianapolis, aliyezaliwa mwaka 1923. Alipokuwa kijana mwenye mke, alisikia santuri ya Charlie Christian. Akaenda kununua gitaa la umeme. Hakuwa na mwalimu, wala hakujua nota. Aliiweka santuri, akasikiliza, akatafuta sauti ile katika nyuzi zake, akarudia, akarudia tena, mpaka akaweza kupiga yote aliyoyasikia. Hata alipopata kazi ya kwanza kilabuni, alipiga yale ya Charlie, na yakiisha huweka gitaa chini, maana hakuwa na mengine!

Mwenyewe alieleza kwamba makelele yake yaliwaudhi majirani. Kwa hiyo aliacha kidude cha kupigia, akatumia kidole gumba, ili sauti iwe laini. Sauti hiyo laini ndiyo iliyomtambulisha baadaye. Tena alizoea kupiga nyuzi mbili pamoja, sauti moja ya chini na ile ile ya juu, kama baba na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Kwa miaka mingi alifanya kazi kiwandani mchana na kupiga gitaa usiku. Mwezi Januari, 1960, ilinaswa santuri yake iitwayo The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery. Alikufa mwaka 1968. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka santuri hiyo katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa.

Kwa nini basi watu hawachoki? Nadhani ni kwa sababu mkono wa mtu umo ndani ya santuri. Mara ya kwanza unasikia wimbo. Mara ya pili unasikia vidole viwili vikifanya kazi ya vinne. Mara ya kumi unasikia mahali mpigaji alipositasita, kisha akaona njia. Santuri haikubadilika, wewe ndiwe uliyezidi kusikia. Na leo sauti hizo zinapatikana hata katika simu ya mkononi.

Sasa mzee wangu, nijibu swali lako. Si kweli kwamba Wes hakusoma. Alisoma mno, kitabu chake kilikuwa santuri. Aliirudia kama wewe unavyorudia ukurasa wako, huku kazi ya mchana imekwisha kumchosha. Jasho ni lile lile.

Lakini usisahau upande wa pili. Django hakujua kuandika nota, na hata herufi alianza kufundishwa na rafiki yake Grappelli akiwa mtu mzima. Alipotunga muziki mkubwa, ilimbidi mwenzake mpiga klarineti akae naye na kumwandikia. Aliyoyaandikisha na yaliyonaswa yamebaki. Yaliyokaa kichwani tu, amekwenda nayo kaburini.

Je, kijijini kwenu hakuna mzee mwenye wimbo au hadithi ambayo haijaandikwa na mtu? Nani atakuwa Jerry Newman wake? Wewe sasa unayo mashine: ni kalamu yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Vidole vingapi vya Django viliharibika, naye alifanya nini?
2. Kwa nini Charlie alihitaji gitaa la umeme?
3. Wes alijifunza kwa njia gani? Inafanana vipi na kusoma kwenu?

KAZI YA NYUMBANI
Mwombe mzee mmoja akuimbie wimbo wa zamani. Andika maneno yake katika daftari, hata kama ni mistari miwili. Andika na jina lake, na tarehe.

Kwaherini, tukutane tena juma lijalo.