Shule Baada ya Kengele ya Mwisho: Ubora wa Elimu na Ustawi wa Mwanafunzi wa Kike



Kwa miaka mingi Watanzania walisubiri Baraza la Mitihani litaje shule kumi bora za kidato cha nne. Mwaka 2023 Baraza liliachana na utaratibu huo, na swali lililofunikwa na orodha likabaki wazi: shule bora ya wasichana inapimwaje? Mhadhara huu unashikilia jibu moja. Ubora wa shule ya bweni uanze kupimwa pale vipindi vinapokwisha: bwenini, bwaloni, chooni na kwa mwalimu wa malezi. Huko ndiko inakoamuliwa kama msichana ataamka kesho akiwa na utulivu wa kujifunza.

Ushahidi mzito kuliko wote ni moto. Juni 1994 bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, liliteketea na wasichana zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Agosti 2009 wengine 12 walifariki kwa moto wa bweni katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa. Nchini Kenya, Machi 1998, wasichana 26 waliungua hadi kufa katika shule ya Bombolulu, Kwale, katika bweni lenye nondo madirishani na mlango uliofungwa. Nondo na kufuli huwekwa kwa nia njema, ili mwanamume asiingie na msichana asitoroke. Moto ukizuka, ulinzi huo huo ndio unaoua. Matroni anayelala mbali na bweni huku funguo zote zikiwa kwake ni hatari, hata awe mlezi mwema kiasi gani.

Yapo pia madhara yasiyofika magazetini. Msichana wa kidato cha kwanza anayetoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka yote kwa Kiswahili; ghafla fizikia na jiografia zinamjia kwa Kiingereza. Ili aielewe lugha hiyo, lazima ajaribu, akosee mbele ya wenzake, asahihishwe, ajaribu tena. Fimbo inamziba mdomo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Lakini hata kanuni zikifuatwa neno kwa neno, darasa lenye hofu hunyamaza, na mwalimu hudhani limeelewa. Ukweli hujulikana siku ya mtihani, wakati muda wa kumsaidia mtoto umeshapita.

Mtazame msichana aliyeketi dawati la nyuma, jua linawaka, naye amejifunga sweta kiunoni. Ameulizwa swali analolijua vizuri, lakini hasimami, maana akisimama wenzake wataiona sketi. Wakati wa mapumziko anakwenda chooni. Mlango hauna komeo, ndoo haina maji, pa kutupa pedi hapana. Kesho atabaki bwenini na kusema anaumwa tumbo, na katika daftari la mahudhurio ataandikwa mgonjwa.

Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kisha mwaka 2019 ikairejesha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2017, iliibebesha serikali jukumu la kuwapa wanafunzi wa kike taulo hizo bure. Msamaha wa kodi unaweza kuishia mikononi mwa wafanyabiashara. Pedi iliyopo stoo ya shule, ikitolewa bila masimango, inamfikia msichana mwenyewe.

Mfano mwema wa malezi upo hapa hapa nchini. Maria Kamm, ambaye vizazi vya wanafunzi vilimwita Mama Kamm, aliiongoza shule ya sekondari ya wasichana ya Weruweru, mkoani Kilimanjaro, kwa takriban miaka 20. Miongoni mwa waliosoma shule hiyo ni Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Baada ya kustaafu, Mama Kamm alianzisha Taasisi ya Mama Clementina huko Moshi na kuwapokea wasichana waliokatishwa masomo, wakiwamo waliopata ujauzito. Alifanya hivyo wakati milango ya shule za serikali ilikuwa imefungwa kwao. Serikali iliifungua Novemba 2021 kwa waraka unaowaruhusu kurudi. Waraka umempa msichana nafasi ya kurudi darasani. Asipopata wa kumnasihi na kumkinga na kejeli, hatakaa.

Basi wathibiti ubora wa shule waongezewe kazi. Wafike jioni, walale, washuhudie chakula, maji na zamu za usiku. Wahakikishe kila bweni lina milango miwili inayofunguka kwa ndani bila kumtafuta mtu, na madirisha yanayopitika. Wazungumze na wanafunzi bila mkuu wa shule kuwapo. Taarifa yao isomwe kwa wazazi pamoja na matokeo ya mitihani.

Pa kuanzia ni shule 26 za sayansi za wasichana, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, chini ya SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 mwaka 2020. Majengo ni mapya na mazoea bado hayajaota mizizi. Bajeti ya kila shule iwe na fungu la mnasihi aliyesomea kazi hiyo, asiye na vipindi vya kufundisha, na mlango wake uwe wazi hadi wanafunzi watakapokwenda kulala.