Waya Unaojikunja na Mshahara wa Karani

(Hotuba ya mwanachama mmoja kwa makarani wa simu, katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya chombo tunachokivaa masikioni kutwa nzima, yaani hedifoni yenye waya unaojikunja. Msinicheke. Jambo ni dogo, lakini mishahara imekwisha kukatwa kwa ajili yake.

Hapo kwanza tulikuwa na hedifoni za waya mrefu. Waya ule ulijifunga mafundo na kuingia katika magurudumu ya kiti, na karani akiinuka hujikuta amefungwa kama mbuzi. Kisha tukapewa hizi. Katikati ya waya pana kikasha cha mviringo, na ndani yake mna springi bapa kama ile ya futi ya seremala. Ukivuta, waya hutoka. Ukibonyeza kitufe, hurudi wenyewe. Kwa kweli tulifurahi. Meza ikawa safi, na chombo kikaingia mfukoni.

Furaha haikudumu. Yangu mimi ilinyamaza sikio la kushoto katika mwezi wa nne. Mama mmoja wa zamu ya usiku alisema yake humvuta sikio kila ageukapo, maana kizuizi cha ndani kimelegea. Ndugu mwingine aliwasikia wateja vizuri, ila wao hawakumsikia. Wakamtukana, naye akaandikiwa barua ya onyo.

Nilikifungua kikasha changu kilichokufa. Ndani ya waya mna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, zimepakwa rangi na kusokotwa pamoja na uzi wa kawaida. Kila uvutapo na kurudisha, shaba hupinda pale pale, na shaba ikipindwa mara nyingi huchoka ikakatika. Hata fundi akitaka kuiunga, hana budi kuondoa ile rangi kwanza, la sivyo lehemu haishiki.

Basi nauliza: aliyevunja ni karani, au ni kazi? Tajiri wetu alijibu: ni karani. Akakata bei nzima katika mishahara ya watu watano.

Hapo chama kilifungua kitabu cha sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu zangu! Kuvuta waya ili kumjibu mteja si kosa la makusudi. Tuliandika barua, tukaweka vikasha vitano juu ya meza ya tajiri. Watatu walirudishiwa fedha zao. Wawili hawajarudishiwa hata leo, kwa kuwa hawakuandika popote siku waliyopewa chombo wala siku kilipoharibika, na tajiri ashikilia kuwa walikivunja kwa hasira. Madai yao bado tunayafuata.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, ukipewa hedifoni andika tarehe, na msimamizi atie sahihi. Pili, vuteni ncha zote mbili kwa pamoja, wala msivute mpaka mwisho. Na waya ukirudi, ushikeni kwa mkono, msiuache ukachapa kama kiboko. Tatu, sauti ikianza kukatika, toa habari siku ile ile kwa maandishi. Usingoje barua ya onyo. Nne, usitie sahihi karatasi ya kukubali kukatwa kabla ya kumwona mwakilishi wa chama.

Wako wasemao ni shilingi chache tu. Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha watoto wetu. Tajiri akizoea kutulipisha waya, kesho atatulipisha kiti.