Kijana, Mboga ya Futari Leo Ni Zamu Yako

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mada yangu ni mboga. Ndio, mboga! Usicheke, nipe sikio kidogo.

Tazama mkeka wa futari nyumbani kwenu. Sambusa, bhajia, viazi karai, kaimati. Karibu vyote vimepita kwenye mafuta. Mboga ya majani iko wapi? Halafu tazama ni nani amepika. Ni mama na dada zako, tangu Adhuhuri wako motoni, nao wamefunga kama wewe. Na wewe kijana wa kiume? Umelala, au uko barazani unangojea adhana. Tunasema Ramadhani ni mwezi wa Qur'an. Sawa, lakini mama naye ataushika msahafu saa ngapi?

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Iko katika Sahih Bukhari. Basi anayesema jikoni si kwa wanaume, sunna hiyo ameitoa wapi?

Tena katika Bukhari, Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kuwa fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula. Palikuwa na mchuzi wa mumunye na nyama iliyokaushwa, na Anas akamwona Mtume akitafuta vipande vya mumunye pembezoni mwa sahani. Tangu siku hiyo Anas akapenda mumunye. Sisi je? Mboga tunaiita chakula cha mwisho wa mwezi!

Sasa tuingie jikoni. Leo ni mchicha wa nazi, wa watu 5. Tafuta mafungu 3 ya mchicha, nazi 1, kitunguu maji 1, nyanya 2, punje 3 za kitunguu thomu, chumvi na ndimu. Walio bara wasipopata nazi, tui la pakiti linafaa.

Ukishaswali Alasiri, kuna nazi. Kamua tui zito uliweke kando, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi. Chambua mchicha, uoshe mara 3 mpaka mchanga uishe, ndipo uukate. Ukiukata kwanza, uzuri wake mwingi utamwagika na maji.

Teleka tui jepesi pamoja na kitunguu, thomu na nyanya. Nyanya zikilainika, tia mchicha. Ukishanywea, mimina tui zito na ukoroge taratibu bila kufunika, tui lisije likakatika. Likichemka kidogo tu, epua. Mchicha ukipoteza ukijani wake, ujue umepitiliza. Kamulia ndimu mwishoni: mchicha una madini ya chuma, na ndimu husaidia mwili kuyapokea.

Chumvi utaonjaje na umefunga? Maulamaa wamesema kuonja kwa haja hakuharibu saumu, mradi kisishuke kooni. Gusa kwa ncha ya ulimi, kisha uteme.

Pika cha kutosha, usipike cha kumwaga. Katika Suratul A'raf aya ya 31, Allah ametuambia tule na tunywe lakini tusifanye israfu. Na tafadhali, sufuria uioshe mwenyewe! Usimwachie dada.

Kazi yote haizidi saa moja. Saa hiyo mama akiketi na msahafu wake, twataraji kwa Allah nawe una fungu katika ujira huo. Basi usingoje Ramadhani ijayo. Leo baada ya Alasiri mwambie, "Mama, pumzika, mboga niachie mimi."

Allah atutakabalie saumu zetu, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.