MITI SHAMBANI NI AKIBA YA MFANYA KAZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Salaita)



Kilima hiki cha Salaita chajulikana kwa vita vya tarehe 12 Februari 1916, na reli ya kutoka Voi kuja Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita hivyo. Leo tuna vita vingine, vya njaa.

Sisi wa reli twajua jambo moja. Mahindi yakikauka nyumbani, mshahara wote huenda dukani kununua unga. Basi nyongeza tuliyoidai kwa umoja huliwa na shamba lililochoka.

Shamba huchoka kwa nini? Tumekata miti tukachoma makaa. Jua launguza udongo, upepo waupeperusha, na mvua ya Novemba ikija kwa nguvu yauchukua mpaka makorongoni.

Dawa iko. Kwanza ni mbaazi kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake ina vinundu, na ndani yake vijidudu hushika naitrojeni ya hewani, chakula kile kile cha mimea tunachokinunua kwa gunia la mbolea. Mzizi wake waenda chini sana, hata mahindi yakifa, mara nyingi mbaazi huzaa. Majani yakianguka yasichomwe; yaachwe yaoze.

Pili ni glirisidia. Wakulima wa Malawi na Zambia huipanda katikati ya mahindi, huikata, na kufukia majani yake yawe mbolea.

Tatu ni mukau, mti wa nchi kavu zetu wenyewe. Mbao zake haziliwi upesi na mchwa, na majani yake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Mbegu yake haioti kwa urahisi mpaka kokwa lipasuliwe, basi afadhali kununua miche.

Tusidanganyane: udongo haurudi kwa msimu mmoja. Miche yataka maji ya mwanzo na boma la miiba. Matawi yakizidi hunyima mahindi mwanga, basi yapunguzwe.

Tena iko habari ya ardhi. Zaidi ya nusu ya Taita Taveta ni Mbuga za Tsavo, na wengi wetu twalima bila hati. Nani atapanda mti wa miaka 10 mahali awezapo kufukuzwa mwakani? Kwa hiyo twaomba chama kiweke hati za ardhi katika madai yake, pamoja na mshahara. Nasi kila tawi tuanzishe kitalu kabla ya mvua za Oktoba.