Mkataba Usiosomwa na Mwenye Ardhi
(Hotuba iliyotolewa mjini Wote)



Nimeombwa niseme juu ya Wachina na mali yetu. Waliotaraji niwatukane Wachina wataniwia radhi. Mnunuzi hutafuta bei inayomfaa yeye. Waingereza hawakupitisha reli yao Makindu kwa ajili ya kututendea hisani, na Uchina vilevile haikuja kutoa sadaka. Swali langu ni kwa aliyetia sahihi kwa niaba yetu: mbona karatasi umezificha?

Tuwatazame jirani zetu wa Kitui. Mwaka 2011 serikali iliipa kampuni ya Fenxi ya Uchina vitalu C na D vya makaa ya mawe katika bonde la Mui. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba hawakushirikishwa. Mwaka 2015 mahakama ikaona kwamba walishirikishwa vya kutosha. Mimi ni wakili, naiheshimu hukumu. Lakini kuitwa barazani si sawa na kuusoma mkataba wenyewe. Mkulima asiyejua kama atahamishwa, wala lini, wala kwa fidia ipi, atapandaje mwembe unaochukua miaka kuzaa? Na makaa yenyewe bado yamo ardhini.

Huku kwetu Makueni ni reli mpya. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya Uchina, na mwaka 2017 treni zikaanza kupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Deni hilo ni letu sote, hata mama auzaye nyanya pale sokoni analilipa kila anunuapo sabuni. Hata hivyo sehemu za mikataba hiyo zilitangazwa Novemba 2022 tu, miaka minane baadaye! Humo tukasoma kwamba mkopo unatawaliwa na sheria za Uchina, na mzozo ukizuka utaamuliwa Beijing. Katika mwethya, hata mwenye kuleta jembe moja hujua bwawa linachimbwa wapi na litanywesha mifugo ya nani.

Kifungu cha 71 cha Katiba ya 2010 kinataka mikataba mikubwa ya maliasili iidhinishwe na Bunge, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisa analazimika kumwandikia. Jibu litolewe ndani ya siku 21.

Kwa hiyo, baada ya sala nitabaki hapa na kalamu. Barua ya kwanza itauliza juu ya Mui, ya pili juu ya reli. Watakaotia sahihi waje na vitambulisho vyao.